Gramu Mia Tatu za Koti

Inspekta aliingia kliniki ya watoto saa mbili asubuhi akiwa amebeba dumu la maji, na akina mama waliokaa kwenye mabenchi wakakunja miguu kumpisha. Kituoni walimwita Kobe, kwa sababu kesi ambayo wenzake huimaliza kwa siku moja yeye huikalia wiki nzima. Hakuwahi kulichukia jina hilo. Safari hii tu ndipo alipojaribu kukimbia kama wengine, na matokeo yake kulikuwa na mtu mahabusu kwa siku ya tatu.

"Afande, umekuja kuchanjwa au kuoga?" muuguzi wa kliniki akamuuliza. Alikuwa mama wa makamo mwenye sauti nene, na wote walimwita Sista.

"Nimekuja kupima maji."

"Hapa tunapima watoto."

"Leo utanipimia maji, Sista."

Alilitundika dumu mwenyewe kwenye ndoano ya mizani iliyoning'inia darini. Lilikuwa na lita kumi kamili, alizozijaza kwa kikombe cha vipimo alichokiazima maabara ya hospitali, na lita moja ya maji ni kilo moja hata apime nani. Dumu tupu lilikuwa gramu mia nne. Mshale ukayumba, ukatulia: kilo kumi na gramu mia nne. Akalishusha, akalitundika tena. Mshale ukarudi palepale.

"Mizani yako haina kosa," alisema.

"Si nilikuambia juzi?"

"Uliniambia. Nilitaka na yenyewe iniambie."

Kesi ilikuwa hivi. Siku tatu nyuma, mtoto wa fundi cherehani, mvulana wa mwaka mmoja na miezi minane ambaye mtaa mzima ulimwita Kifungo, alifikishwa hospitali amelegea, anatapika hata maji, moyo unapiga mara hamsini na tano kwa dakika. Moyo wa mtoto wa umri wake hupiga zaidi ya mara mia. Alizaliwa na tundu kwenye moyo, na muda wote huo alikuwa akinywa dawa ya maji ya kuusaidia. Damu yake ilipopimwa, dawa hiyo ilikutwa imezidi mno. Baba yake hakungoja chochote. Alitoka wodini moja kwa moja hadi kituoni, akapiga meza, akasema mfamasia wa mtaani kamlisha mwanawe sumu. Muda si muda watu wakajaa mbele ya duka la dawa, na Kobe akamtoa mfamasia humo na pingu mikononi. Wenzake aliwaambia anamlinda. Ukweli ni kwamba alimkamata mtu wa kwanza aliyenyooshewa kidole.

Tangu hapo kila alichokigusa kilikuwa kimenyooka. Dawa iliyobaki kwenye chupa ilipimwa, ikakutwa na nguvu ileile iliyoandikwa. Lebo ya mfamasia ililingana na cheti cha daktari. Cheti cha daktari kililingana na uzito ulioandikwa kwenye kadi ya kliniki siku tisa kabla mtoto hajazidiwa, kilo tisa nukta tatu. Wote walipiga hesabu sawasawa, na mtoto karibu afe. Kisha jana mchana daktari wa wodi akapiga simu. Walikuwa wamempima Kifungo bila nguo. Kilo saba nukta nne.

"Karibu kilo mbili kwa siku kumi na moja," Kobe alimwuliza daktari. "Si anatapika?"

"Hata angetapika mchana na usiku," daktari alijibu. "Mtoto yule hana kilo mbili za kupoteza."

Ndiyo maana Kobe alikuwa hapa na dumu lake. Kama si mizani, basi ni aliyeisoma.

"Kwa hiyo mizani ni nzima, mbovu ni mimi," Sista alisema, mikono kiunoni. "Sema tu, Afande. Unafikiri niliandika namba bila kumpima mtoto."

"Ulimpima?"

"Nilimpima."

"Nani alimtundika?"

"Baba yake. Siku zote humtundika mwenyewe. Anasema akishikwa na mtu mwingine analia, na mtoto wa moyo hatakiwi kulia."

"Wewe hukumshika kabisa?"

"Nilisoma mshale. Ndiyo kazi yangu."

"Mshale ulisema ngapi?"

Sista alivuta daftari la kliniki, akashusha kidole kwenye safu ya majina. "Tisa nukta sita."

"Kadi inasema tisa nukta tatu."

"Nilitoa gramu mia tatu za..."

Ukutani, juu kidogo ya kichwa chake, palikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa gundi, imeandikwa kwa kalamu nene: MTOTO APIMWE BILA NGUO. Kobe aliisoma taratibu, kwa sauti, kisha akauliza ni mwandiko wa nani.

"Wangu," Sista alisema.

"Gramu mia tatu za nini?"

"Za koti." Sauti nene ilikuwa imepungua. "Baridi ilipoanza, baba yake aliniomba mtoto asivuliwe, kifua kinambana. Nikamwonea huruma. Afande, asubuhi nina watoto sitini. Nikivua sitini na kuvika sitini, tutalala hapa. Kwa hiyo aliyevaa koti namtolea gramu mia tatu, naandika inayobaki. Ndivyo nilivyomkuta sista aliyenitangulia akifanya."

"Na koti lenyewe uliwahi kulipima?"

"Nani anapima koti?" Alilisema kwa haraka, kisha akakaa kwenye kiti chake.

Kobe aliifungua kadi ya Kifungo mezani. Miezi mitano mfululizo mstari wa uzito ulikuwa umelala pale pale kwenye saba nukta nne. Halafu ukaamka: saba nukta tisa, nane nukta sita, tisa nukta tatu. Pembeni, kwa wino mwekundu, daktari aliandika: Operesheni, kilo 10.

"Hii ni nini?"

"Madaktari wa moyo wanakuja hospitali kuu mwezi ujao. Mtoto asiyefika kilo kumi hawampasui. Daktari aliandika ili wazazi wajue wanakokwenda."

"Mwezi uliopita aliongeza gramu mia saba. Mwezi huu mia saba. Na mwezi ujao akiongeza mia saba?"

Sista hakuhitaji kufuata mstari kwa kidole. "Kumi kamili," alisema. Kisha macho yakamjaa. "Nilimpigia makofi, Afande. Siku ile mabenchi yote yalimpigia makofi. Nikamwambia baba yake, akina baba wangekuwa kama wewe, mimi ningekosa kazi. Koti moja. Kulivua koti moja ningechukua dakika ngapi? Kama ni kuandikwa, niandike."

"Nitakuandika," Kobe alisema huku akichukua dumu lake. "Na mimi pia nitajiandika. Tumo wengi."

Wodini, Kifungo alikuwa amelala chali na waya tatu kifuani. Mashine ilionesha mapigo sabini na nane. Jana ilikuwa sitini na tano. Mama yake alikaa pembeni ya kitanda, mwanamke mwembamba aliyefanya kazi zamu ya asubuhi kwenye kiwanda cha mikate, ndiyo sababu siku za kliniki zilikuwa za baba. Mkononi alikuwa na bomba la sindano lisilo na sindano, lile la kumwekea mtoto dawa mdomoni, na mbele yake kikombe cha maji.

"Mfamasia amekiri?" akauliza kabla ya salamu.

"Bado, mama."

"Hatakiri. Hana cha kukiri." Alitumbukiza ncha ya bomba kwenye maji, akavuta. "Nimejijaribu tangu jana. Daktari alisema nukta tisa tatu, asubuhi na jioni. Hii mistari ni myembamba, Afande. Asubuhi natoka na usingizi machoni. Labda nilikuwa navuta mpaka moja nukta tisa, sijui."

"Hebu nione."

Aliliinua bomba usawa wa macho, akaligonga kwa kucha mpaka kiputo cha hewa kikapanda juu, akasukuma taratibu hadi mstarini. Kobe aliinama kutazama. Nukta tisa tatu. Akamwambia arudie. Alirudia mara tano, na mara zote tano maji yaliishia palepale, bila kupishana hata unywele.

"Hukukosea," alisema.

"Utajuaje? Hukuwepo." Aliyamwaga maji kikombeni na kuvuta tena. "Aliyempa ni mimi. Mkono ni huu. Baba yake sijamwambia. Kule nje anamlaani mfamasia, na mimi hapa nimenyamaza kama sijui kitu. Siku nikimwambia ataniangaliaje?"

Kobe alinyoosha mgongo. Aliuliza alichokuja kuuliza.

"Koti la Kifungo liko wapi?"

"La kliniki?" Alishangaa. "Liko kazini kwa baba yake. Hulivaa siku ya kliniki tu. Hata kulifua nimekatazwa, naambiwa litapoteza umbo. Kwa nini?"

"Nitarudi," Kobe alisema.

Duka la fundi lilikuwa chumba kimoja kirefu, cherehani dirishani na meza ya kukatia katikati. Mapazia mazito ya ukumbi fulani yalikuwa yametandazwa juu ya meza, nusu yameshonwa. Fundi alikuwa mtu mrefu, amekonda usoni, futi ya kitambaa shingoni. Alisimama mara tu alipomwona Kobe.

"Afande! Anapelekwa mahakamani lini?"

"Tunalishughulikia." Kobe alitumbukiza mkono kwenye kopo lililokuwa kando ya mapazia, akatoa kichuma bapa, mviringo, kipana kidogo kuliko kifungo cha koti. "Hivi ni vya nini?"

"Vinashonewa kwenye upindo. Pazia likikosa uzito chini linapepea."

"Kimoja kina uzito gani?"

"Gramu hamsini." Fundi alijibu bila kufikiri, kwa sababu ilikuwa kazi yake, halafu akakiangalia kile kichuma mkononi mwa Kobe kwa muda. "Umekuja kuniuliza habari za pazia?"

Koti lilikuwa limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Dogo, la bluu, limetiwa pamba ndani, na kifungo cha juu chekundu. Kobe aliliona alipoingia na hakuligusa. Aliomba chaki ya fundi, akasogeza pazia, akainama juu ya mbao za meza.

"Nikuoneshe kitu ambacho na mimi nilioneshwa jana na daktari," alisema. "Dawa ya moyo ya Kifungo haipimwi kwa umri. Inapimwa kwa kilo. Kila kilo ya mtoto inapewa mikrogramu kumi kwa siku. Na dawa yenyewe, kila mililita moja ina mikrogramu hamsini. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Daktari anasema dawa hii haina huruma. Dozi inayotibu na dozi inayoua zinakaa jirani. Ikizidi kidogo kila siku, inajilimbikiza, na mtoto akianza kutapika ndiyo inashindwa kabisa kutoka. Sasa," akaandika 9.3 mezani, "mtoto wa kilo tisa nukta tatu anapewa ngapi?"

Fundi aliinamia meza. Hesabu za mikono, viuno na mapaja ndizo zilizomlea. "Mikrogramu tisini na tatu. Gawa kwa hamsini, mililita moja nukta nane sita. Gawa mara mbili, asubuhi na jioni, nukta tisa tatu." Akainua uso. "Ndicho kipimo anachopewa. Sasa mfamasia kaharibu wapi?"

"Mfamasia kaharibu wapi," Kobe alirudia. Aliandika namba nyingine chini ya ile ya kwanza. "Hospitali walimpima jana bila nguo. Hiyo ndiyo waliyoipata. Piga na hiyo."

Fundi aliisoma namba. Nje mtu alipita akicheka. Fundi alishika ukingo wa meza.

"Nukta saba nne," alisema hatimaye, na haikuwa sauti ya mtu aliyepiga meza kituoni. "Alitakiwa apewe nukta saba nne."

"Umeshampeleka na koti mara ngapi?"

"Mara tatu." Aliliangalia koti, akaangalia pembeni. "Afande, sikujua. Kila mwezi walisema dawa imeongezwa, nikafikiri ugonjwa unapanda. Hakuna aliyeniambia dawa inatoka kwenye mizani. Nilijua mizani ni ya operesheni tu. Kilo kumi, kilo kumi, kila siku kilo kumi! Mtoto anakula kijiko, anarudisha viwili, ningezitoa wapi kilo kumi?"

"Hospitali kuu si wangempima tena?"

"Wangempima. Nilijua wangempima." Alijifuta uso kwa futi ya kitambaa bila kujua ameshika nini. "Nilisema wakishamwona, akawacheka kama anavyocheka, watakosa moyo wa kumrudisha. Ndiyo akili niliyokuwa nayo."

Alikwenda mwenyewe kulitungua koti, akaliweka mezani, na meza ikatoa mlio. Kwa kiwembe cha kufumulia alikata nyuzi za upindo, uzi mmoja mmoja, upana wa vidole vinne. Kobe alitazamia kazi ya ovyo, ya wizi. Aliona kazi safi kuliko koti lolote alilowahi kuvaa. Kila kichuma kilishonewa mfuko wake, kimefungwa kwa pamba kisigongane na mwenzake.

"Basi," Kobe alisema. "Usiendelee kufumua. Ni kielelezo sasa. Viko vingapi?"

"Kumi mwezi wa kwanza. Wa pili ishirini na vinne. Sasa thelathini na vinane." Fundi alitaja namba hizo kama anayetajiwa makosa yake na mtu mwingine. "Mwezi ujao vingekuwa hamsini na viwili."

Thelathini na vinane, gramu hamsini kila kimoja. Kilo moja nukta tisa, ukijumlisha na saba nukta nne unapata tisa nukta tatu ya kadi. Hata gramu mia tatu za Sista zilikuwa sahihi. Ndizo zilizokuwa uzito wa kitambaa na pamba.

"Nilimwita muuaji," Fundi alisema. "Mfamasia. Mbele ya mkewe na watoto wake nilimwita muuaji, na wewe ukanisikiliza."

Hakusema kwa kulaumu, na ndiyo sababu liliuma. "Nilikusikiliza," Kobe alikubali. Alitoa simu, akapiga kituoni. "Mtoe mfamasia mahabusu, umpe kiti. Hapana, usimwambie chochote. Nitamwambia mwenyewe." Alikata simu na kukaa nayo mkononi kidogo. Alijua atakayoyasema hayatatosha.

Fundi alinyoosha mikono yote miwili, viganja juu. "Nifunge twende."

"Tunaanzia wodini."

"Afande, nakuomba. Nipeleke kituoni kwanza. Mama yake nitamwambia nini?"

"Mama yake amekaa na kikombe cha maji tangu jana, anajipima. Anavuta, anasukuma mpaka mstarini, anamwaga, anarudia. Anaamini aliyekosea ni yeye. Hajakuambia kwa sababu anaogopa utakavyomwangalia."

Fundi alikaa chini. Si kwenye kiti. Alikaa sakafuni, mgongo kwenye mguu wa meza, na akalia kwa sauti kama mtoto aliyepotea sokoni. Kobe alisimama kando na koti mkononi. Lilikuwa zito kiasi cha kumchosha mkono, na hakulibadilisha upande.

Walipitia kliniki. Mabenchi yalikuwa matupu, na Sista akalipokea koti bila neno, akalitundika mwenyewe kwenye ndoano. Kilo mbili nukta mbili. Saba nukta nne na mbili nukta mbili ni tisa nukta sita, namba ileile aliyoisoma siku ile. Aliiandika kwenye daftari, akaweka sahihi, akampisha Kobe aweke ya kwake na kulitia koti kwenye mfuko wa vielelezo. Fundi alibaki mlangoni. Hakuna aliyemwangalia mwenzake.

Wodini, mashine ilikuwa imefika themanini na moja. Kifungo alikuwa amefungua macho, anaitazama taa ya darini kwa uchovu. Mama yake bado alikuwa na bomba mkononi, na alipomwona mumewe alisimama haraka, kama aliyekuwa amejiandaa.

"Baba Kifungo, nina neno nataka nikuambie. Naomba unisikilize mpaka mwisho, usinikatishe."

"Subiri," mumewe alisema.

"La dawa. Mimi asubuhi huwa..."

"Mama Kifungo, subiri. Mimi kwanza."

Lakini lake halikutoka. Akamgeukia Kobe na kunyoosha mkono. Kielelezo hakitakiwi kupita mikononi mwa mtuhumiwa, na Kobe alilijua hilo kwa miaka ishirini. Alilitoa koti kwenye mfuko, akampa.

Fundi alimnyooshea mkewe koti. Mama akalipokea kwa mkono mmoja, kama alivyozoea kupokea nguo za mtoto wake, na mkono ukashuka nalo mpaka kitandani.

Aliuangalia mkono wake. Akaliinua tena, polepole, safari hii kwa mikono miwili, na bomba likamdondoka. Kidole chake kikatembea kwenye upindo mpaka pale nyuzi zilipokatwa, kikaingia ndani, kikagusa chuma.

"Ulikuwa unapima sawa," mumewe alimwambia. "Siku zote ulikuwa unapima sawa."